Pesa Yenye Mizani

Kizuri chajiuza, husema wenye maduka.
Vyangu vimekaa kabatini, Wadi Kabir,
miaka arobaini na mmoja
ndani ya makopo saba ya maziwa ya unga,
na havijajiuza hata kwa panya.

Jana baada ya isha nilivimwaga mkekani.
Reale za fedha za yule bibi mnene wa Ulaya,
shela kisogoni,
zote za mwaka mmoja, elfu moja mia saba themanini,
hata zile zilizozaliwa nyuma yangu.
Shilingi za simba. Hela za Mjerumani zenye tundu.
Tembo wa dhahabu aliyegongwa Tabora wakati wa vita.
Na pesa za shaba za Unguja, zenye picha ya mizani,
mama alizozivusha ndani ya upindo wa kanga
akijifanya anaumwa kiuno.

Sonara wa Nizwa ana mizani ya betri.
Hataki mwaka, hataki mfalme.
Anataka gramu.
"Mzee, nakulipa leo,
na Alhamisi bibi huyu atakuwa ala ya jambia."
Nilimshukuru. Huyo angalau hakunizunguka.

Shambe wa Matrah ana kioo cha jicho moja.
Alichagua tano,
tano zile zile ambazo ningezichagua mimi,
halafu akayasukuma makopo kwa kiwiko:
"Hizi nyingine nitilie nyongeza."

Hilal ananipigia kutoka Dubai: mnada, baba.
Watazipiga picha, uso na mgongo,
watakata kumi na tano katika mia,
tungoje mpaka Novemba.
"Utashindaniwa, baba!"
Neno hilo lilinipendeza siku mbili nzima.
Sijawahi kushindaniwa.

Azza hataki niuze. Analia kwenye simu.
Lakini mwanawe, kwa mapenzi,
alizisugua tisa kwa ndimu na chumvi
zikang'aa kama sufuria za harusi,
zikafa.
Ule weusi alioudhani uchafu
ndio uliokuwa bei.

Nikifa bila kuuza, najua:
Hilal mafungu mawili, Azza fungu moja,
na mama yao thumni.
"Thumni ya kopo la maziwa," akauliza Zayana,
"ni vijiko vingapi?"

Mali bila daftari hupotea bila habari,
nami daftari ninalo, jalada la kijani,
kila sarafu na siku yake, duka lake, bei yake.
Nililiacha wazi nikaenda kutia maji birikani.
Niliporudi alikuwa amevaa miwani yangu.

"Huyu tembo," akasema,
"uliniambia riali thelathini na tano."
Birika likaanza kulia jikoni.
"Hapa pameandikwa mia tatu na hamsini.
Sifuri moja uliila wewe."
Nikasema dhahabu, nikasema nadra, nikasema Tabora.
"Mwaka ule," akasema, "tulilala wanne chini ya feni moja,
na mimi nina mimba ya Azza."

Hakupandisha sauti. Akalamba kidole, akafunua ukurasa.
Alisoma mpaka chai ikapoa,
akitia alama kwa penseli ya nyusi:
tembo aende mnadani, na asiuzwe chini ya sifuri zake zote;
bibi wa Ulaya wapelekwe kwa sonara, wakayeyuke kwa heshima;
Shambe auziwe zile tano,
na kila moja ailipie kama vile hazipo nyingine.
Za ndimu apewe mjukuu.
"Na friji," akasema. "Ya milango miwili."

Zikabaki za shaba.
Akazikusanya mwenyewe, moja moja,
akiinusa kila moja kama anayechagua samaki,
akazirudisha koponi, akafunika.
Sikumwuliza.
Moja ilikuwa imebingirika chini ya goti langu.
Nikaisogeza kwenye taa:
vitanga vyake viwili viko sawa, sawa kabisa,
tangu siku ilipogongwa,
kwa kuwa hakuna aliyewahi
kuvitia kitu.