Kitako Kisichopakwa

Kipande cha mshumaa, cha usiku ule umeme ulipokatika Wete,
nakiyeyusha katika kopo la maziwa,
nalipaka bakuli kitakoni
rangi ya kioo isije ikaligandisha na bamba la joko.

Bi Time husema: nta haigombi, hukataa tu.

Tone likaniponyoka, likatua ubavuni.
Nikalifuta kwa gumba. Kosa juu ya kosa.
Rangi ilipomiminwa ikapafika, ikapakwepa.

Jumatatu tumefungua joko.
Nta imekwenda na moshi,
gumba langu lipo: jekundu, kavu, udongo mtupu wa Kiuyu
katikati ya kijani kinachong'aa.

Mteja kalirudisha, ati lina kovu.

Sasa nalinywea uji.
Gumba hupatafuta, hupapata.
Bi Time kimya,
anasogeza sukari.