Jaribio la Maji

Saa mbili asubuhi, Julai, Barabara ya Lunga Lunga.
Pumzi zetu zinatoka kama mvuke,
na boila ya Bwana Musyimi imelala baridi,
imezimwa tangu jana kwa heshima yangu.
Nina geji, tochi, nyundo ndogo,
na fomu ya kurasa nne, nakala tatu.

Wasiojua hudhani chuma hujaribiwa kwa moto.
Chuma hujaribiwa kwa maji.
Unalijaza tumbo mpaka hewa yote itoke,
kisha pampu ya mkono, polepole,
hadi libebe mzigo na nusu
wa siku yake iliyo ngumu kuliko zote.
Halafu unangoja.
Unazunguka na tochi, unachungulia kila ungio
kama lina chozi.

Ni katika kungoja huko
nilipohesabu gambuti zilizo mlangoni:
jozi kumi na tisa.
Na watu waliopangwa mstari wanilaki, kumi na sita.
Jozi tatu zilikuwa ndogo,
moja imefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli
isichopoke mguuni.

"Hapa hatuna watoto, Bi Kerubo,"
akasema Musyimi,
nami sikuwa nimefungua kinywa.

Wawili walikwisharuka ukuta wa nyuma kuelekea Mukuru.
Wa tatu nilimkuta kati ya magunia ya magadi,
ameketi juu ya ndoo, kimya,
kimya cha mtu aliyefundishwa kunyamaza
na akafuzu.
Jina?
Kinoti.
Umri?
Kumi na minane.
Tangu lini?
Akafikiri. "Tangu Jumatatu."
Jumatatu ndiyo siku barua yangu ilipofika kiwandani.

Mikono yake ilikuwa na vidoa vyeupe
pale magadi yanaporuka mtu akikoroga bila glavu.
Nilimuuliza shule, akanitajia bei.
Nilimuuliza glavu, akacheka,
kicheko kifupi, cha adabu,
kama niliyemuuliza habari za theluji.

"Ukiniandika," akasema, "leo jioni sina kazi.
Usiponiandika, nina mia nne."
Hakuwa akinisihi. Alikuwa akipiga hesabu,
na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Sheria ninayo mkobani, nimeipigia mstari kwa wino mwekundu.
Inasema asikaribie birika la kuchemshia.
Haisemi akitoka hapo akaribie nini.
Miaka kumi na mmoja nimeibeba sheria hiyo
kuanzia viwanda vya rangi hadi vya misumari,
na usiku mwingine inanizidi uzito,
usiku mwingine ni nyepesi mno,
karatasi tu.

Nikarudi kwenye boila. Sindano ya geji haikusogea.
Nikagonga: sauti safi, ya kengele.
Hakuna ungio lililolia.
Musyimi akaleta katoni ya sabuni,
"ya watoto nyumbani."
Nikamwambia watoto wangu wameoga.

Ukurasa wa kwanza: vali, imefaulu.
Wa pili: bomba, limefaulu.
Wa tatu: mlango wa dharura, umefungwa kwa kufuli,
ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda Machakos.
Ukurasa wa nne una mistari miwili mitupu
juu yake pamechapwa: Maoni mengine.
Mistari miwili.

Kijana amebeba mzigo na nusu tangu Januari
na hakuna aliyezunguka na tochi.

Nilimwita kando, mbali na masikio ya msimamizi.
Akaninong'oneza umri wake wa kweli
kama anayeniazima kitu
na anataka kukirudishiwa kikiwa kizima.
Kumi na mitano, Novemba.
Nikampa namba ya afisa wa watoto, ninayemjua,
anayepokea simu hata Jumapili.
Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya gambuti.
Sijui kama ataipiga.

Kalamu ikagoma kwenye herufi ya kwanza,
wino umeganda kwa baridi.
Yeye alisimama akinitazama,
na Musyimi akinitazama, na katoni ya sabuni bado iko sakafuni.
Nikaipulizia ncha. Mara mbili.
Nikaandika.