Mnunuzi Mmoja

Shaame kaua joka, saa saba usiku,
banda la michezo, Wete,
shilingi mia tano nusu saa.
Tumboni mwake kaokota upanga wa yakuti;
thamani imeandikwa ubavuni: elfu tisa.

Mwenye duka wa kijiji cha kwenye skrini
ana mfuko, na mfukoni sarafu mia na ishirini.
Basi. Hana hata jirani wa kumkopa.
“Chukua hizi,” asema, “na mikate miwili ya njiani.”

Kombo, mwenye banda, acheka:
“Angekulipa zote, kesho ungenunua mji,
keshokutwa ungenihamia.”

Shaame hajibu.
Amkumbuka mamake, Bi Mize, foleni ya kituoni,
karafuu zimekauka hadi zavunjika kwa kucha,
mzani mmoja, bei moja, mnunuzi mmoja;
na mjomba aliyezipitisha usiku kwenda ng’ambo,
akarudi hana gunia wala la kusema.

Humu hata magendo hamna.

Abonyeza “hapana”.
Skrini yamwonya: umezidisha mzigo.
Naye aenda, hatua moja, hatua moja,
upanga wamburuta bega.
Mbele kuna kijiji kingine,
na duka,
na mfuko uleule.