Jahazi la Kipilefti

Saa tisa na nusu, Matrah, maegesho yamejaa.
Sefu kazunguka mara tatu, akasimamisha nyuma ya soko la samaki;
harufu iliingia kabla hatujafungua milango.
Thuweiba akaziba pua.
Ghalib akavuta pumzi ndefu, kama anayenusa halua.

Mama mkwe hakushuka.
"Mimi nilishapanda moja," alisema, "inatosha."
Tukamwachia kioo wazi na karanga zake.

Tukaambaa na ukuta, mimi nasukuma kigari kisicho na mtoto:
kimebeba viatu, nepi, mkate wa chipsi uliopondeka.
"Hesabu, Thuweiba, tujue ziko ngapi."
Moja, mbili, tatu, nne, sita.
"Na tano?"
"Tano imekwenda chooni."

Meli ya watalii, nyeupe, ghorofa kumi na mbili,
kubwa mno hata Ghalib haioni.
Anachokiona ni tagi jekundu pembeni yake,
limefungwa matairi kiunoni
kama mama aliyejikaza kibwebwe siku ya shughuli.
"Boti imevaa viatu!"
Wakapunga mikono, wote wawili, mpaka mabega yakachoka.
Huko juu hakuna aliyetazama, ghorofa zote kumi na mbili.
Kwenye tagi, mtu aliyekuwa akikwangua kutu
akainua kikwangulio chake, akapunga nacho,
kisha akarudi kwenye kutu.

Basi. Hicho ndicho walichokililia wakati wa kuondoka.

Tukarudi kwa njia ya Al-Bustan, milima imetubana huku na huku,
Ghalib kinywa wazi, usingizi unamwingia,
mara Thuweiba akapiga kelele:
"Simama! Baba, simama!"

Katikati ya kipilefti, juu ya majani yaliyokatwa vizuri,
jahazi zima, mlingoti na kamba zake,
na magari yanalizunguka.

"Nani kalisahau hapa?"
Sefu akaanza: ni kumbukumbu, mwanangu, zamani lilisafiri mbali sana...
"Litakunywa nini?"
Hatukuwa na jibu. Nyuma yetu honi.

Akachukua chupa. Kizibo kikamshinda.
Bibi yake, aliyekuwa kimya tangu Matrah,
akaipokea, akaifungua, akamrudishia,
akateremsha kioo mpaka chini.

Maji hayakufika hata ukingoni.
Yalichora mstari mlangoni mwa gari letu
na kabla hatujamaliza kuzunguka
yalishakauka.
"Zunguka tena," mama mkwe akasema.