Karani wa Baraza, Sikonge

Machi, Diwani Kasele alisimama saa nne asubuhi
akahesabu mizinga ya babu yake,
kila mmoja na mti wake,
hata jua likazama, na kisima cha Ipole
kikafa bila kupigiwa kura.
Nilimlaani kwa wino.

Julai wakaleta ushuru wa asali.
Akasimama tena. Miti ile ile: mninga, mtundu, myombo,
maji akinywa kwa kifuniko cha chupa.
Ushuru ukalala.
Mama yangu akauza madebe yake mawili, hakukatwa hata senti.

Leo hoja ni yeye mwenyewe:
kila msemaji dakika kumi, kengele, kaa.
Mikono inapanda.
Mimi sina kura, nina kalamu,
na Ipole wangali wanachota dimbwini.