Saa Sabini na Mbili

Duka letu halina mlango.
Lina picha: nywele za bandia, nyeusi, za shaba, za mvi,
zimevalishwa vichwa vya plastiki visivyo na macho,
na chini ya kila kichwa bei, na kitufe cha kununua.
Ghala liko Turku, nyuma ya karakana ya baiskeli.
Theluji ya Machi imeziba dirisha hadi nusu.

Ijumaa, saa tatu na dakika kumi asubuhi,
Osmo alivua vipokea sauti, akasema:
"Kuna mtu aliingia. Si leo. Tangu Januari."
Terhikki, mwenye duka, alikuwa anachana nywele za kahawia.
Hakugeuka. Alimaliza upande wa kushoto,
ndipo akauliza, "Amechukua nini?"
kana kwamba mwizi angetaka nywele.

Amechukua orodha.
Majina elfu kumi na moja, mia nne na sita.
Anwani, simu, mzingo wa kichwa kwa sentimita,
na ile safu ya mwisho, niliyoitunga mimi
mwaka wa kwanza, tulipotaka kuwajua wateja:
Sababu ya ununuzi. Si lazima kujibu.

Hakuna aliyelazimishwa. Wakajibu.
Harusi. Mchezo wa shule.
Saratani ya titi. Saratani, imerudi.
Huwa ninazing'oa mwenyewe usiku, sijui kwa nini.
Sitaki mwanangu ajue.
Tulisoma, tukaguswa, tukaweka kitana cha bure kwenye kifurushi.
Kufuta, hatukufuta.
Nani hufuta kilichomgusa?

Wahenga walishasema habari ya ufa na ukuta.
Ufa wetu tuliuita nakala ya majaribio,
tukauacha kwenye seva ya kukodi, bila kufuli,
maana kufuli lilikuwa euro tisa kwa mwezi.

Sheria inatupa saa sabini na mbili kumwarifu mdhibiti.
Saa hizo hazijui Jumamosi.
Wakili Björkas alikuja na soksi zilizolowa,
akaeleza kwamba faini hupimwa kwa mauzo, si kwa faida.
Terhikki akacheka, mara moja, kama chafya.
Faida tungeipata wapi?

Mimi nikapewa barua.
Mpendwa mteja, tunasikitika...
Wakili akafuta "tunasikitika". Ni kukiri, alisema.
Nikaandika: Huenda baadhi ya taarifa zako...
Terhikki akafuta "huenda".
Akafuta "baadhi".
Akabaki ameshika kipanya kama mtu aliyeokota jiwe
asijue amrushie nani.

Tuliituma Jumapili usiku, saa ya sitini na mbili,
kwa mdhibiti kwanza, kisha kwa wote.

Simu ya kwanza ilitoka Rauma. Bibi, hakutaja jina,
lakini namba yake ilileta jina, na jina likaleta safu nzima,
na kabla hajapumua mara ya pili nilikwisha kujua
ana sentimita hamsini na tatu, na ana nini.
"Na ile sababu?" akauliza.
"Ndiyo. Na sababu."
Birika lilikuwa linachemka kwake, nililisikia hadi lilipozimwa.
"Mume wangu nilimwambia ni mtindo tu," akasema.
"Nilidhani ninaiandikia mashine."

Nilikwenda kwa Osmo: tuifute safu, sasa hivi, yote.
Wakili akainua mkono. Haiwezekani.
Tangu Ijumaa ule si udadisi wetu tena, ni ushahidi,
na ushahidi haufutwi.
Miaka saba ningeweza kuifuta nikinywa kahawa.

Saa kumi jioni imeingia oda. Nyeusi, fupi, ndogo.
Fomu haijabadilishwa, Osmo hajalala,
na pale chini kabisa, pasipo lazima kujibu,
mtu amejibu. Mistari mitatu.
Nimeufunika upande huo wa kioo kwa kiganja
na kwa mkono mwingine
ninaandika anwani kwenye kisanduku.