Mnanisikia?

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo,
mwanangu Gwantwa huenda kazini:
hatua tisa, kutoka kitandani hadi dirishani.
Juu blauzi ya pasi, hereni, wanja;
chini kitenge changu cha kupalilia na soksi mbilimbili,
maana baridi ya Mwakaleli haiheshimu ofisi.

"Mnanisikia?" anakiuliza kioo.
Kioo kimya.
"Mnanisikia?"
Nami jikoni naitika, "Nakusikia, mama,"
hadi siku aliponiambia si mimi.

Nikajifunza.
Kutotwanga kabla ya saa nne.
Kumfungia jogoo chini ya tenga.
Kwamba mvua ikipiga bati, mkutano umevunjika,
na kwamba mtandao ni kama mbuzi wa jirani,
una kona yake unayoipenda,
kati ya dirisha na mparachichi wa tatu;
wingu likishuka kutoka Rungwe
unakata kamba na kupotea nalo.

Majirani wakauliza: msomi wako kafukuzwa?
Mbona hatoki?
Nikawajibu: anatoka, ninyi tu hammwoni.
Kisha nikaingia ndani kumtazama, nihakikishe.

Mdogo wake, Ambakisye, anasomea mifugo kwa simu.
Mwalimu wake nimemwona:
mdomo wazi, jicho moja limefumba,
kaganda hivyo tangu kipindi kianze,
na mtoto anaandika, anaandika.
Siku moja bando likaisha katikati ya tumbo la ng'ombe.
Jioni ileile wetu akashikwa uchungu zizini,
ndama katanguliza mguu mmoja,
kijana kasimama na daftari.
Ng'ombe wa kwenye kioo hapigi teke.
Nikamwambia vua shati, paka sabuni, ingiza mkono.
Akaingiza hadi begani, akautafuta ule mguu wa pili,
macho yakamtoka:
"Kumbe humu ndani kuna moto!"
Hilo halikuwa kwenye daftari.

Lakini nisiseme uongo.
Ada ya bweni ilikuwa bei ya ng'ombe huyuhuyu.
Simu ndiyo iliyombakiza zizini,
na kijana pia.

Na baba yao alipoanza kutapika damu
Gwantwa hakuomba ruhusa, hakukata tiketi.
Alikuwa hapa.
Alizima sauti, akamnywesha uji, akamfuta kidevu,
akarudi dirishani, akawasha sauti,
akacheka walipocheka.
Mimi niliuona mgongo wake.
Wao waliona hereni.

Tulipozika, wanawake walikuja na kuni kichwani,
na ndizi, na vilio vyao wenyewe.
Wa kazini walikuja kwa simu:
ililia mchana kutwa kwa michango,
kwa mishumaa isiyodondosha nta, maua yasiyonyauka.
Fedha ile ilinunua jeneza, siwezi kuidharau.
Ila usiku, tulipolala chini,
nilihesabu miguu mkekani
na hapakuwa na mguu hata mmoja wa huko.

Siku ya tatu bodaboda ikamshusha mtu mfupi,
shati jepesi la Singida, meno yanagongana.
Hakuna aliyemjua.
Gwantwa naye alimtazama kama mtu wa kodi.
Yule mtu akakohoa, akatafuta maneno matopeni,
akakosa, akasema:
"Samahani… mnanisikia?"

Mwanangu, ambaye alikuwa hajalia tangu hospitali,
akakaa chini palepale, kwenye maganda ya ndizi,
akalia kwa sauti iliyofika barabarani.
"Ni Mkumbo, mama. Miaka mitatu tunafanya kazi pamoja.
Nilidhani ni mrefu."

Nilimpa koti la marehemu. Lilimfika magotini.
Alipasua kuni vibaya, akala mbalaga kwa adabu,
na kesho yake, saa mbili kasorobo,
walikuwa wawili dirishani, wakikiuliza kioo.

Jogoo nilimsahau nje ya tenga.
Akawika.
Huko mbali watu wakacheka.
Nikawasikia.